Deni la Mchanga: Bahari Ikimega Ufuo wa Jirani, Nani Awajibike?

Neno "pwani" limetokana na kitenzi "kupwa". Maji hujaa, maji hupwa, na pale yanapopwa ndipo pwani. Wazee waliolipa eneo hilo jina hawakutazama mchanga wala minazi. Walitazama mwendo wa maji. Pwani ni mahali ambapo asubuhi mtu anaweza kutembea akiokota makombe, na alasiri mtumbwi ukapita juu ya nyayo zake. Jina lenyewe linakiri jambo ambalo hati za viwanja hazilikiri: ardhi hii haitulii.

Insha hii inauliza swali la maadili linalotokana na kutotulia huko. Bahari huchukua mchanga hapa ikaupeleka kule. Humega ufuo wa mmoja ikampanulia mwingine. Wakati mwingine hufanya hivyo yenyewe, na wakati mwingine hufanya hivyo kwa sababu sisi tumejenga, tumekata miti au tumechimba mahali fulani. Je, anayepoteza ana dai lolote kwa anayepata? Na anayejilinda kwa ukuta ana deni gani kwa jirani ambaye ukuta huo unamnyima mchanga?

Msomaji anaweza kuuliza mwanafunzi wa Kampala ana kazi gani na bahari. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na wengi wetu tumeiona bahari kwenye picha tu. Lakini katika Kiluganda neno "ennyanja" hutumika kwa ziwa na kwa bahari pia, nalo ni ndugu wa neno "nyanza" la Kiswahili. Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Lina mawimbi, lina fuo za mchanga, lina rasi na ghuba, nalo humega na kujenga kama bahari, ingawa halina kujaa na kupwa kunakoonekana kila siku. Swali la pwani ni letu pia, na mwaka 2020 lilitufikia mlangoni, kama nitakavyoonyesha.

Msimamo ninaoutetea ni huu: bahari haina hatia wala wema, lakini mtu anayeitumia kuwa mchukuzi wa hasara yake kwenda kwa wengine hawezi kujificha nyuma yake.

Kazi ya maji

Tuanze na namna bahari inavyoumba pwani, maana hoja ya maadili ikijengwa juu ya elimu mbovu hubomoka mapema.

Bahari ina kazi tatu: kubomoa, kubeba na kuweka. Wimbi likipiga jabali hubana hewa ndani ya nyufa na kuzipanua. Mawe yaliyokwisha kung'oka hugeuka nyundo mikononi mwa wimbi linalofuata. Maji nayo huyeyusha polepole mawe ya chokaa. Kando ya miamba ya matumbawe ya Mombasa na Unguja, maji yakipwa, jabali huonekana limelika kwa chini, karibu na usawa ambao maji hufika yakijaa, mfano wa uyoga wenye shina jembamba. Siku moja sehemu ya juu hukosa pa kuegemea ikaanguka, na kazi ikaanza upya.

Kubeba ndiko kunakotuhusu zaidi. Mawimbi hayafiki ufuoni yakiwa yamenyooka. Mengi huja kwa upande, yakifuata upepo. Wimbi hupandisha chembe ya mchanga kimshazari, kisha maji hurudi yakiteremka moja kwa moja, na chembe ile hujikuta imesogea hatua moja kando. Rudia mara maelfu kwa siku, na mchanga wa ufuo mzima unasafiri. Katika pwani ya Afrika Mashariki, upepo wa kusi husukuma kuelekea kaskazini, na kasikazi ikija husukuma kurudi kusini. Kwa kuwa pepo hizi hazina nguvu sawa, safari ya kwenda na ya kurudi hazilingani.

Mwisho ni kuweka. Pale nguvu ya maji inapopungua, ndani ya ghuba, nyuma ya kisiwa au kwenye mlango wa mto, bahari hutua mzigo wake. Hivyo hupatikana fuo, mafungu ya mchanga, ndimi za mchanga zinazochongoka kuingia majini, na delta kama ile ya Rufiji, ambako mizizi ya mikoko hukamata tope na kulifanya nchi kavu.

Katika maelezo haya kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, mchanga wa ufuo ni msafiri. Mwenye hoteli anayesema "mchanga wangu" anazungumzia chembe ambazo huenda zilikuwa mbele ya nyumba ya jirani msimu uliopita. La pili, ufuo una hesabu kama mfuko wa chama cha akiba: kuna kinachoingia na kuna kinachotoka. Ufuo unaweza kupungua bila bahari kuongeza ukali wowote, ikiwa tu kinachoingia kimezuiwa njiani. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na wakasema pia haba na haba hujaza kibaba. Pwani ni gogo na ni kibaba kwa wakati mmoja.

Visa vitatu

Kilomita chache kutoka Pangani, mkoani Tanga, kulikuwa na kisiwa kidogo cha Maziwe. Kilikuwa na mivinje, na kasa walipanda mchangani kutaga mayai. Mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 kisiwa kilikuwa kimezama. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kutoweka yakijaa. Ukataji wa miti iliyoshikilia mchanga hutajwa mara nyingi kuwa sababu, ingawa mawimbi na mikondo ya bahari nayo yana sehemu yake. Kasa hawakupewa habari. Wameendelea kurudi kutaga pale pale, na watu wa hifadhi huhamishia mayai kwenye ufuo wa Ushongo, bara, ili yasifunikwe na maji.

Kisa cha pili ni Malindi. Huko bahari haikunyang'anya, ilileta. Mto Sabaki, ambao huku juu huitwa Athi, huteremsha udongo mwingi kutoka Ukambani na nyanda za juu za Kenya, hasa mvua kubwa zikinyesha kwenye mashamba yasiyo na matuta na milima iliyokatwa miti. Udongo huo hufika baharini, mawimbi huusambaza, na fuo za mji zimepanuka hata baadhi ya majengo yaliyokuwa jirani na maji sasa yametenganishwa nayo na mchanga. Zawadi hii ina uchungu wake. Tope hilo hilo huyatia maji rangi ya kahawia na kuyatishia matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968. Zaidi ya hayo, kila chembe iliyopanua ufuo wa Malindi imetoka kwenye shamba la mtu. Mkulima wa Machakos amepoteza kitu ambacho mtu wa Malindi hakukiomba.

Kisa cha tatu ni Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Fuo za huko zililika sana katika nusu ya pili ya karne ya 20, hata hoteli moja mashuhuri ya enzi hizo ikaachwa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa na wachunguzi ni uchimbaji wa mchanga katika mito midogo kama Tegeta na Mbezi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikilisha fuo hizo. Mji ulikuwa unakua, ukahitaji mchanga wa kujengea. Mchanga uliochimbwa mtoni haukufika ufuoni, na bahari iliendelea kuchukua haki yake ya kila siku bila kurudishiwa.

Visa hivi vinafanana kwa jambo moja. Kati ya mtendaji na mtendewa kuna maji, kuna umbali na kuna miaka. Aliyepakia mchanga wa Tegeta kwenye lori hakubomoa nyumba ya mtu yeyote kwa nyundo. Ndiyo maana swali la lawama linakuwa gumu.

Jibu la kwanza: ni kazi ya maumbile

Wapo wasemao kwamba hakuna wa kulaumiwa. Bahari ilikuwapo kabla yetu, imekuwa ikimega na kujenga tangu zamani, na anayejenga karibu nayo amejitakia.

Jibu hili lina ukweli ambao sitaki kuupuuza. Mwamba ambao Mombasa imekaa juu yake ni mabaki ya matumbawe yaliyoota zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 waliijenga juu ya mwamba huo na kwa mawe ya namna hiyo. Mawimbi yanapoula mwamba chini ya ngome, hatuwezi kumtafuta mkosaji. Kuna hasara ambazo ni bahati mbaya tu, na kumtafutia kila msiba mwenyewe ni njia ya kuelekea kwenye uchawi.

Lakini bahati mbaya na dhuluma ni vitu viwili. Namna ya kuvitenga ni kuuliza: je, yupo mtu aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba tendo lake lingeleta hasara hii, na aliyekuwa na uwezo wa kutenda vingine? Kama hayupo, hiyo ni bahati mbaya, na wajibu wetu ni kusaidiana tu kama watu wanavyosaidiana msibani. Kama yupo, maji yaliyo katikati hayamtakasi. Mtu akifungulia ng'ombe wake wakala mahindi ya jirani, baraza la kijiji halimwiti ng'ombe. Humwita mwenye ng'ombe, na akisema "mimi sikula hindi hata moja", watu watacheka. Bahari ni mnyama asiye na mwenyewe, ni kweli, lakini zizi tunaloweza kulifungua au kulifunga lina wenyewe.

Jibu la pili: kila mtu na ukuta wake

Wengine husema kila mtu ana haki ya kulinda chake. Bahari ikija kwangu, najenga ukuta. Ikija kwako, jenga wako.

Haki ya kujilinda siipingi. Serikali ya Kenya katika miaka ya karibuni ilijenga kinga ya mawe kando ya Ngome ya Yesu, ambayo tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia, na sioni kosa katika kulinda mali ya wote. Shida iko katika neno "kulinda". Ukuta uliosimama mbele ya wimbi haulimalizi nguvu wimbi hilo. Hulirudisha, na maji yanayorudi huchimba mchanga ulio chini ya ukuta wenyewe na kuusukuma kando. Ukuta unaoingia baharini kwa kukata ufuo hunasa mchanga unaosafiri: upande mmoja ufuo hunenepa, upande wa pili hukonda. Mwenye ukuta akitazama kwake huona mafanikio. Jirani akiamka huona bahari imefika kwenye mnazi wake.

Sisi wa Kampala tunalielewa jambo hili bila kwenda pwani. Mwenye nyumba mlimani akisakafu ua wake wote na kuelekeza maji ya paa barabarani, kwake kunabaki kukavu. Maji yale hayakwenda mbinguni. Yameteremka Bwaise, ambako watu hupandisha magodoro juu ya meza kila mvua kubwa ikinyesha. Mtu wa mlimani hakumchukia mtu wa Bwaise, wala hamjui. Hata hivyo amemhamishia maji yake. Kujilinda na kuhamisha hasara ni matendo mawili tofauti, hata yakifanywa kwa saruji ile ile. La kwanza ni haki yangu. La pili linahitaji ridhaa ya yule ninayemhamishia, au fidia.

Tena, jibu la "kila mtu na ukuta wake" humpendelea mwenye saruji. Pwani ikiwa na hoteli moja na kijiji kimoja cha wavuvi, hoteli ndiyo itakayojenga. Bahari itakachokosa kwa hoteli itakitafuta kwa wavuvi. Katika mashindano ya kuta, anayeshinda hujulikana kabla ya mashindano kuanza.

Polepole na ghafla

Sheria ya Roma ya kale ililitazama jambo hili kwa makini. Katika mkusanyo wa sheria uliotolewa mwaka 533 chini ya mfalme Justinian, hewa, maji yatiririkayo, bahari na ufuo vilihesabiwa kuwa vitu vya watu wote, na ufuo ulifika pale ambapo wimbi kubwa la majira ya baridi hukoma. Mkusanyo huo ulitenga pia hali mbili kuhusu mito. Mto ukiongeza udongo kwenye shamba lako kidogo kidogo, hata mtu asiweze kutambua kilichoongezeka kwa wakati wowote, udongo huo ni wako. Lakini nguvu ya mto ikibandua kipande cha shamba la jirani na kukibandika kwako, kipande hicho kinabaki kuwa cha jirani.

Kwa nini polepole isamehewe na ghafla isisamehewe? Nionavyo mimi, sababu ni elimu. Kipande kilichobanduka kwa siku moja kinajulikana kilikotoka. Chembe zilizokuja kwa miaka 30 hakuna awezaye kuzitaja kwa jina la shamba zilikotoka. Msamaha wa polepole haukutokana na kwamba polepole haiumizi. Ulitokana na kwamba haionekani.

Sasa inaonekana. Picha za setilaiti hulinganisha ufuo wa mwaka huu na ule wa miaka 30 iliyopita. Wataalamu hupima tope la Sabaki na mchanga unaotoka mtoni. Kisingizio cha "hakuna aliyejua" kinapungua kadiri elimu inavyoongezeka, na wajibu unakua pamoja nayo. Hata katika jambo lililo kubwa kuliko yote, la bahari kupanda kwa sababu ya gesi zinazopasha dunia joto, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni mwezi wa Julai 2025 kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi, na kwamba kuuvunja wajibu huo kunaweza kuzaa wajibu wa kulipa fidia. Nchi ndogo za visiwa ndizo zilizosukuma swali hilo. Zilikuwa zinasema kile anachosema mvuvi jirani wa hoteli: maji yameingia kwangu, lakini hayakuanzia kwangu.

Ziwa letu

Nirudi nyumbani. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda kwa takriban mita 2.5 kutokana na mvua nyingi, likafika mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja. Mwaka 2006 lilishuka hadi kiwango cha chini ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 80 hivi, kwa sababu ya ukame na pia kwa sababu maji mengi yalikuwa yakitolewa kwenye mabwawa ya umeme ya Nalubaale na Kiira. Ufuo ukapanuka. Watu wakalima na kujenga kwenye ardhi iliyoachwa na maji, maskini kwa mabati na matajiri kwa vigae. Kisha mvua za mwaka 2019 na 2020 zikaja, na mwezi wa Mei 2020 ziwa likafika mita 13.42. Magati ya wavuvi, masoko ya samaki, nyumba na hoteli viliingiwa na maji.

Jibu la serikali lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwakumbusha watu kwamba kanuni za mwaka 2000 zinatenga eneo la hifadhi la mita 200 kuanzia maji ya chini, na kwamba waliomo wameingia mahali pasipo pao. Ya pili ilikuwa kufungua zaidi milango ya Jinja, hadi takriban mita za ujazo 2,400 kwa sekunde, ili ziwa lipungue. Maji hayo yaliteremka na Nile kuelekea Ziwa Kyoga na Ziwa Albert, ambako fuo zilikuwa tayari zimefurika.

Tazama sehemu hii ya pili. Tangu bwawa la Jinja lilipofunguliwa mwaka 1954, Nalubaale si ziwa lisilo na mlango. Kuna mkono unaofungua na kufunga. Wakati huo ulilazimika kufungua, pengine, maana mvua ilikuwa nyingi kupita kiasi na bwawa lina kikomo chake. Sidai kwamba kosa lilitendwa. Ninachodai ni kwamba sentensi "maji yalikuja" haikumtosha mtu wa Kyoga. Kwake maji yalikuja na pia yaliletwa. Kukiwa na sababu njema ya kumletea, alistahili kuambiwa mapema, kuelezwa sababu, na kusaidiwa na wale waliopata nafuu kwa kufurika kwake. Mlango wa bwawa ni ukuta wa hoteli kwa ukubwa mwingine.

Sehemu ya kwanza nayo ina swali. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika ibara ya 237, inasema serikali inashikilia maziwa ya asili kwa amana ya wananchi. Amana ni neno zito. Anayeshikilia amana hana ruhusa ya kumwona mvunjaji mmoja na kutomwona mwingine. Ikiwa mita 200 ni za kumwondoa muuza samaki mwenye kibanda, ziwe pia za kumwondoa mwenye bustani ya starehe na gati ya boti. Kanuni inayopima wengine kwa futi na wengine kwa jicho huwafanya watu waamini kwamba ziwa lina wenyewe, na kwamba si wao.

Pingamizi la mwenye njaa

Pingamizi gumu kuliko yote linatoka kwa wasio na saruji. Huko Lwera, kando ya barabara ya Masaka, na kwenye mito mingi ya pwani, wako vijana wanaochimba mchanga kwa sepetu ili wale. Je, nimwambie kijana huyo kwamba ana deni kwa ufuo?

Nadhani jibu la haki lina ngazi. Wajibu hupimwa kwa mambo matatu: ulijua kiasi gani, ulipata kiasi gani, na ulikuwa na njia nyingine kiasi gani. Kijana wa sepetu anajua kidogo, anapata kidogo, na njia nyingine hana. Mwenye mashine inayofyonza mchanga mchana na usiku anajua, anapata, na ana njia. Sisi tunaokaa katika nyumba na mabweni yaliyojengwa kwa mchanga huo tuko mahali fulani katikati. Hatukuchimba, lakini kila ghorofa la Kampala ni ufuo au kingo ya mto iliyohama. Kumkamata wa sepetu na kumwachia wa mashine ni kupindua ngazi hiyo. Kusema kwamba kwa kuwa kijana ana njaa basi uchimbaji wote uachwe ni kumfanya maskini kuwa ngao ya tajiri. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao katika methali hii ndio sisi sote tunaoishi kando ya maji yale yale.

Hitimisho

Nimesema kwamba pwani ni mahali pa mwendo, kwamba bahari hubeba mchanga bila nia, na kwamba hilo halifuti nia na ujuzi wa watu wanaoingilia safari hiyo. Kutokana na hayo napendekeza kanuni tatu ambazo jamii ya kando ya maji inaweza kuzijadili. Kwanza, anayetaka kuzuia au kuelekeza maji au mchanga awaambie kabla wale walio upande wa pili, nao wasikilizwe. Pili, anayepata nafuu kwa hasara ya mwingine achangie kuipunguza hasara hiyo, hata kama hakukusudia. Tatu, anayeambiwa ahame kwa ajili ya maji aonyeshwe pa kwenda, na amri ya kuhama iwafikie wote walio ndani ya mstari mmoja.

Kanuni hizi hazitaisimamisha bahari. Maziwe haitarudi kuwa kisiwa kwa sababu tumekubaliana juu ya haki, na ziwa litapanda tena mvua zikiwa nyingi. Lakini kuna tofauti kati ya kijiji kilichopoteza ufuo wake huku majirani wakishika sepetu kusaidia, na kijiji kilichopoteza ufuo wake huku jirani akipiga picha za harusi kwenye mchanga ulionaswa na ukuta. Vijiji hivyo viwili vimepoteza mita zile zile. Cha pili kimepoteza na ujirani pia.